Siku ya Kufagia, Magari Yaende Wapi? Njia Nne za Mitaa ya Nakuru

Ukitaka kujua uchafu wa barabara hukaa wapi, ngoja gari lililoegeshwa mahali pamoja kwa siku tatu liondoke. Katikati ya lami utakuta pasafi, maana matairi na upepo vimeshapapangusa. Pale gari lilipokuwa, kando ya ukingo, ndipo utakuta kila kitu: mchanga, maganda ya miwa, vifuniko vya chupa, majani makavu, na lile vumbi jembamba la Nakuru ambalo ukiligusa kwa ufagio linapanda hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yateremke pande zote mbili, na vumbi hufuata njia hiyo hiyo ya maji. Kwa hiyo mahali tunapopenda kuegesha magari ndipo hasa ufagio unapohitaji kupita.

Mimi ni katibu wa kamati ya barabara yetu, upande wa Section 58. Suala hili limekula vikao vingi kuliko taa za barabarani na ulinzi ukivijumlisha. Njia tatu tumezijaribu wenyewe, ya nne tumeitazama kwa majirani, na mara kwa mara wakazi wa mitaa mingine hunipigia simu kuuliza tulifanyaje. Nimeona niziandike zote mahali pamoja, ili kila mtaa uchague kulingana na upana wa barabara yake na wingi wa magari yake.

Kabla ya hapo, niseme kwa nini tunajisumbua. Mji huu umekaa kwenye mteremko, kreta ya Menengai juu na ziwa chini. Mvua ikinyesha, chochote kilicholala ukingoni huku kwetu huingia mtaroni na kuteremka kuelekea Ziwa Nakuru. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji yake huondoka kwa mvuke, na yale yaliyokuja nayo, mafuta ya injini, unga wa matairi na breki, plastiki, hubaki humo humo. Ndilo eneo la kwanza la Kenya kuingia katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 1990, na flamingo wanaolisha hapo wanategemea maji hayo hayo yanayopokea mitaro yetu. Tunapogombana kuhusu Probox ya nani imezuia mfagiaji, ni vizuri kukumbuka koleo moja la mchanga linaelekea wapi lisipozolewa.

Na mtaro ukiziba, maji hayasubiri kufika ziwani. Huingia uani.

Kufagia bila kuhamisha gari

Hii ndiyo njia ambayo mitaa mingi inaifuata bila kuichagua. Mfagiaji anakuja alfajiri na toroli lake, anafagia katikati, anajipenyeza kati ya magari, anainama kuchokoa chini ya bampa, anaendelea. Hakuna anayegombana na mtu, hakuna kibao, hakuna ujumbe wa kukumbushana.

Barabara ikiwa na magari machache, tuseme matano au sita kwa kila mita 100, sioni haja ya kitu kingine. Mfagiaji anaruka gari leo, kesho limesimama mahali pengine, na baada ya juma moja ukingo wote umepata ufagio. Msiwaletee watu sheria wasiyoihitaji.

Pale magari yamebanana, njia hii haifanyi kazi. Nalisema hili bila kusita kwa sababu niliishi nalo miezi mingi. Gari dogo limeinuka kutoka chini pungufu ya shubiri moja. Ufagio unaingia, lakini mchanga hautoki, unasukumwa tu hadi upande wa pili wa tairi. Wiki zikipita, mvua ikinyesha na jua kuwaka, mchanga ule unagandamana na majani na kuwa ukoko unaohitaji jembe. Tulikuwa tukilipa kufagiwa kila siku na bado mdomo wa mtaro ulikuwa umeziba.

Kuna pia usalama wa mfagiaji mwenyewe. Wengi wao ni akina mama. Anapolazimika kuinama kati ya magari mawili kabla hapajapambazuka, dereva anayepiga rivasi hamuoni. Kwangu hilo peke yake lingetosha kubadilisha utaratibu.

Upande kwa upande

Jumanne hakuna gari upande wa kushoto. Alhamisi hakuna gari upande wa kulia. New York walianza utaratibu wa namna hii mwaka 1950 ili magari ya kufagia yaweze kufika ukingoni, na mpaka leo wanao.

Anayetaka kuiga aige wazo, asiige saa. Kule mashine hupita mara moja ikamaliza. Kwetu anayefagia ni mtu, na mtu huchoka, husimama kumwaga toroli, hukuta kifuniko cha mtaro kimejaa akalazimika kukikwangua. Tulianza kwa kutoa saa moja tu. Kila mara wafagiaji walipofika nusu ya barabara, magari yalikuwa yanarudi. Baadaye tulikaa na kupima: watu wawili wenye fagio, koleo na toroli walitumia karibu dakika 40 kwa mita 100 za upande mmoja, kufagia na kuzoa. Barabara yetu ni mita 300 hivi, kwa hiyo ni saa mbili kamili za kazi bila kupumzika. Tukaweka saa 3 hadi saa 5 na nusu asubuhi. Pima kwenu kabla ya kuandika kibao, kwa sababu kibao kikishatundikwa ni vigumu kukibadilisha bila watu kuacha kukiamini.

Kwa nini saa 3? Kwa sababu wa kazini wameshaondoka, watoto wako shuleni, na kiasi kikubwa cha magari yaliyolala hapo hayapo. Yanayobaki yanaingia upande wa pili. Hesabu hiyo ndiyo moyo wa njia hii, na ndiyo watu wanaisahau. Upande kwa upande hufaa tu pale magari yanayoshinda nyumbani mchana yanapoweza kutosha upande mmoja. Chukua daftari, tembea barabara yako saa 4 asubuhi siku ya kazi, hesabu. Gari moja linataka mita 5 hadi 6 za ukingo pamoja na nafasi ya kutokea. Toa mageti. Mita 100 zenye mageti matano ya mita 4 zinakuachia mita 80, yaani magari 13 hadi 16. Ukikuta magari 25 yamesimama hapo saa 4, jua kwamba utaratibu huu utayasukuma kwenye barabara ya jirani, na jirani hatanyamaza.

Halafu pima upana. Kwenye lami ya mita 6, safu moja ya magari inachukua karibu mita 2, zinabaki 4. Ambulensi inapita, lori la zimamoto linapita. Kwenye lami ya mita 4 na nusu zinabaki mita 2 na nusu tu, na lori la zimamoto litakwama. Barabara nyembamba namna hiyo haina haki ya kuwa na magari pande zote mbili hata siku zisizo za kufagia, lakini hilo ni jambo la kikao kingine.

Udhaifu wa njia hii ni kumbukumbu. Siku mbili, pande mbili, na binadamu husahau. Wanaoumia zaidi ni wanaofanya kazi usiku: muuguzi aliyetoka zamu, mlinzi, dereva wa masafa marefu aliyeingia saa 11 alfajiri. Kumgongea mtu kama huyo saa 3 asubuhi ahamishe gari ni kumnyima usingizi alioufanyia kazi. Tulilitatua kwa kugeuza maneno. Badala ya kusema "ondoa gari Jumanne saa 3", tunasema "Jumatatu jioni usiegeshe upande wa kushoto". Aliyerudi jioni anaegesha mahali sahihi, analala, na asubuhi hana habari na mtu. Malalamiko yalipungua sana tulipoandika hivyo kwenye vibao. Vibao vyenyewe tulivitundika kwenye mageti yetu, si kwenye nguzo za umeme.

Barabara nzima kwa wakati mmoja

Kwa usafi peke yake, hakuna kinachoishinda. Magari yote yanaondoka kwa saa mbili au tatu, siku moja kwa juma. Wafagiaji wanaanza juu ya mteremko na kushuka, wanafungua vifuniko vya mitaro, wanakwangua kingo zote mbili, na mahali penye mafuta wanaweza kumwaga machujo ya mbao na kuyazoa. Siku ni moja, kwa hiyo hata mgeni anaikumbuka.

Swali ni moja tu: magari yanakwenda wapi? Mtaa wa Milimani, ambako nyumba nyingi zina uwanja mpana, jibu ni rahisi. Yanaingia ndani ya geti. Huko nisingejisumbua na upande kwa upande hata kidogo. Vivyo hivyo kwa zile nyumba za geti moja zenye uwanja wa pamoja na bawabu mlangoni. Lakini palipo na ghorofa zenye wapangaji kumi na nafasi ya magari mawili ndani, kusema "ondoeni yote" ni kuwafukuza watu bila kuwaonyesha pa kwenda. Jirani zetu waliopo barabara mbili kutoka hapa walifanikiwa kwa sababu kanisa lililo karibu liliwafungulia uwanja wake asubuhi ya katikati ya juma. Waliomba kwa barua, wakakubaliana ni nani anafunga geti, na hawachelewi kuondoka. Bila uwanja wa namna hiyo, njia hii huvunjika wiki ya tatu. Mmoja anabaki, wa pili anasema "mbona yule", na mwezi ukiisha mmerudi mlikotoka.

Nikiwa na barabara nyembamba yenye uwanja karibu, ningechagua hii. Nikiwa na barabara pana isiyo na uwanja, ningechagua upande kwa upande. Sisi ni wa kundi la pili.

Kwa msimu

Chicago hufagia mitaa ya makazi kuanzia Aprili hadi Novemba, na siku moja kabla hubandika karatasi za rangi ya chungwa kwenye miti na nguzo ili watu wahamishe magari. Theluji ndiyo inayowapangia kalenda. Yetu inapangwa na mvua na maua ya mijakaranda.

Kuna majirani wanaofanya usafi mkubwa mara tatu kwa mwaka: mwishoni mwa Februari kabla ya mvua ndefu, Julai kabla ya mvua ya Agosti, na Novemba maua ya zambarau yakishamaliza kudondoka. Maua hayo ni mazuri yakiwa juu. Yakilowa kwenye mdomo wa mtaro yanageuka uji unaoziba kabisa. Njia hii ni ya gharama ndogo, na wakazi hukubali kwa urahisi kwa sababu hakuna anayekataa kuhamisha gari mara tatu kwa mwaka.

Ila miezi minne ni mingi. Kiangazi cha Januari peke yake kinatosha kujaza ukingo. Ningeichukua kama nyongeza ya mojawapo ya njia nyingine, kwa ajili ya mitaro, na nisingeitegemea peke yake.

Siku ipi

Hapa nina msimamo mkali: siku ya kufagia ije baada ya siku ya lori la taka, kamwe isiwe kabla. Mbwa huchana mifuko usiku, lori hudondosha, na asubuhi yake barabara ni chafu kuliko juzi. Mtaa uliofagia Jumatatu na kutoa taka Jumanne umetupa pesa. Sisi taka huondoka Jumatatu, ndiyo maana Jumanne ni siku ya kwanza.

Jumamosi iacheni. Wasabato wako ibadani na wengine wanapumzika nyumbani na magari yao. Ijumaa mchana karibu na msikiti haifai. Siku za sikukuu za kitaifa tunasitisha, na tunasema hivyo mapema ili mtu asihamishe gari bure halafu juma lijalo akadharau.

Ndugu wa Kisumu huniuliza kama mpango huu unafaa kwao. Unafaa, ila asubuhi ni lazima zaidi. Mvua za kutoka Ziwa Victoria hupenda kuja alasiri na jioni, na uchafu uliofagiwa ukaachwa kwenye malundo saa 8 mchana utakuwa mtaroni kabla ya giza. Hata huku, lundo lisilozolewa siku hiyo hiyo ni afadhali lisingefagiwa.

Nani ana nguvu ya kumwambia mtu ahame

Hili lisemwe wazi, kwa sababu kamati nyingi hujiingiza matatani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya barabara za kaunti, trafiki na maegesho, pamoja na uzoaji wa taka. Barabara ya umma ikipita mbele ya nyumba yako, kamati ya wakazi haina mamlaka ya kufunga gari la mtu mnyororo, kulivuta, kulitoa upepo wala kumtoza faini. Mkitaka katazo lenye meno, mwandikieni msimamizi wa wadi na mumshirikishe diwani wenu, mkiambatisha ile hesabu ya magari na upana wa barabara. Barua yenye vipimo husomwa kwa makini kuliko barua ya malalamiko.

Ndani ya uwanja wa pamoja wenye geti, mambo ni tofauti. Hapo ni mali ya wenye nyumba, na kanuni walizokubaliana wao wenyewe zinatosha.

Sisi tulio kwenye barabara ya umma tulianza kwa kukubaliana tu, na kwa sehemu kubwa bado tunakwenda hivyo. Aliyesahau mara ya kwanza anawekewa karatasi kwenye kioo cha mbele, ikiwa imeandikwa kwa heshima. Mara ya pili mtu wa kamati anampigia simu. Mara ya tatu anaombwa afagie mwenyewe mahali alipozuia, na ufagio analetewa. Hakuna aliyewahi kukataa ufagio. Wengine walifagia hadi kwa jirani.

Jambo moja halikutuendea vizuri mwanzoni. Tulimwajiri kijana kupuliza kipenga saa 2 na nusu asubuhi kuwakumbusha watu. Watoto wachanga waliamka barabara nzima. Sasa bawabu wa kila geti anaangalia tu nje na kugonga mlango wa mwenye gari lililobaki, basi.

Magari yasiyotembea

Njia yoyote mtakayochagua, hiki ndicho kitakachoijaribu. Kila mtaa una gari ambalo halijawashwa mwaka mzima: tairi zimelala, paka anazaa chini yake, majani yamejaa mpaka kwenye milango. Upande kwa upande hukwama hapo, barabara nzima hukwama hapo. Na mara nyingi mwenyewe hana ukaidi wowote. Hana pesa ya fundi, au gari ni la marehemu na urithi haujagawanywa, au ni kumbukumbu.

Kwetu lilikuwa Peugeot 504 ya mzee mmoja mstaafu. Kwa miaka ilisimama upande wa Jumanne, na chini yake palikuwa na mchanga wa kutosha kupanda sukuma wiki. Wapo waliotaka liripotiwe livutwe. Nilipinga, na ningepinga tena. Tulikwenda kwake watatu, tukakaa, tukanywa chai, tukamweleza habari ya mtaro. Akasema, "Wanangu, mimi sikatai, lakini halina betri wala breki." Fundi wa pembeni alilegeza breki zilizokuwa zimeng'ang'ania, tukajaza upepo, na tangu hapo kila Jumatatu jioni vijana wanne hulisukuma hadi upande wa kulia, mzee mwenyewe akiwa ameshika usukani na ameweka jiwe tayari la kuzuia tairi. Jumatano jioni hulirudisha. Likishavuka, ufagio unapita pale kama popote pengine.

Jambo la kwanza tulilolikuta chini yake, tulipofagia mara ya kwanza, lilikuwa kifuniko cha mtaro ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kipo.